Nani Aliyesasisha? Istilahi za Kuingia Kwenye Kompyuta kwa Mbali

Kuna sentensi ambayo mwananchi akiisikia kwenye dirisha la ofisi huwa haulizi swali la pili: "Mfumo upo kwenye maboresho." Anakunja karatasi zake, anauliza arudi lini, anaondoka. Hataki kujua ni kitu gani kinaboreshwa, kwa kuwa sote tumekwisha kuelewa kwamba maboresho, kwa lugha ya dirishani, ni jina la heshima la mfumo usiofanya kazi.

Mtu wa istilahi hawezi kuipita sentensi hiyo hivi hivi. Kwa kazi ya kuweka toleo jipya la programu, au taarifa mpya mahali pa zile za zamani, Kiswahili cha Tanzania kina vitenzi vitatu na vyote viko kazini. Tume ya uchaguzi huiita kazi hiyo uboreshaji: kuboresha Daftari la Kudumu la Wapiga Kura ni kuwaandikisha waliotimiza miaka 18, kurekebisha taarifa za waliohama na kuwaondoa waliofariki. Wanaoshughulika na leseni na uanachama hupenda kuhuisha, neno lenye uhai ndani yake. Leseni iliyokufa inahuishwa. Programu za simu na kompyuta zilizotafsiriwa zimechagua kusasisha.

Nadhani watafsiri wa programu ndio waliopatia. Kuboresha ni kitenzi chenye hukumu: kinatangaza kuwa kilichokuja ni bora kuliko kilichoondoka, kabla hata mtumiaji hajakijaribu. Kuhuisha kunadai kwamba cha zamani kilikuwa kimekufa, nacho mara nyingi kilikuwa kizima kabisa, kinafanya kazi yake bila kumsumbua mtu. Kusasisha kumejengwa juu ya kielezi "sasa", kama hakikisha ilivyojengwa juu ya "hakika" na harakisha juu ya "haraka". Hakuahidi uzuri. Kunasema tu kwamba kitu kimekuwa cha sasa. Kompyuta iliyopokea toleo jipya usiku na asubuhi ikagoma imesasishwa kweli, wala hakuna aliyesema uongo. Ila haijaboreshwa.

Tofauti hiyo niliiona ikifanya kazi Akheri. Akheri ni kata ya Arumeru, kwenye miteremko ya Mlima Meru juu ya Tengeru, katikati ya migomba na kahawa. Tengeru yenyewe iko kilomita kama 13 mashariki mwa jiji la Arusha, kwenye barabara ya Moshi. Si mbali, lakini fundi wa kompyuta aliyeko mjini akiitwa huku juu atapanda daladala hadi Tengeru, kisha bodaboda ya kupandisha mlima, na siku ya soko atakwama kwenye foleni pale chini. Nusu ya siku yake imekwisha kabla hajashika kipanya. Ndiyo maana vyama vya akiba na mikopo, zahanati, shule na ofisi za sharika za huku zimezoea kuhudumiwa na fundi asiyeonekana. Yeye anaketi mjini, anafungua AnyDesk au TeamViewer, au ile programu iliyomo ndani ya Windows yenyewe, na mshale kwenye kioo cha mhasibu wa Akheri unaanza kutembea peke yake. Mara ya kwanza watu hushtuka. Mara ya pili wanakwenda kunywa chai.

Asubuhi moja, katika chama cha akiba na mikopo ambacho huwa nakisaidia kuandika mihtasari ya vikao, fundi alishindwa kuingia. Akapiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Habari za mjini?"

"Nzuri. Mama, jana uliiapdeti kompyuta?"

"Hapana. Sijagusa kitu. Niliizima jioni nikaondoka."

"Hukubonyeza popote pa kuapdeti?"

"Fundi, nimekwambia sijagusa."

Basi fundi akaamini, na kwa kuamini akaenda kutafuta tatizo lisipokuwepo. Aliuliza habari za ruta, akauliza kama bando limekwisha, akamwomba mama achomoe waya na kuuchomeka tena. Saa zikapita. Swali lililofungua jambo lilikuja baadaye kabisa, nalo lilikuwa na mzizi uleule wa swali la kwanza: "Au imejiapdeti?"

"Ee, hiyo kweli. Asubuhi nilipoiwasha iliniambia nisubiri, ikahesabu asilimia mpaka mia, ikajizima ikajiwasha."

Mama hakuwa amedanganya. Aliulizwa kama yeye alitenda, akajibu kuwa hakutenda. Silabi iliyokuwa inakosekana ni -ji-. Katika kitenzi cha Kiswahili mtenda hufichuliwa na umbo, kwa hiyo kitenzi hiki kina nyuso tatu ambazo daftari la fundi lingepaswa kuzitenga: alisasisha, yaani mtu aliyekaa mbele ya mashine alikubali, ilisasishwa, yaani kuna mwingine aliyefanya hivyo, pengine fundi wa jana au msimamizi wa mfumo aliyeko makao makuu, na ilijisasisha, yaani programu ilileta toleo jipya kwa ratiba yake bila mtu yeyote pale ofisini kuulizwa. Fundi anayeuliza kwa umbo la kwanza peke yake atajibiwa "hapana" yenye ukweli mtupu, kisha apoteze asubuhi.

Nakubali kwamba "imejisasisha" ni uongo mdogo. Mashine haina nafsi; amri ya kupakua ilitoka kwa kampuni iliyotengeneza programu, iliyoko bara jingine. Lakini ni uongo unaofaa kazini, maana unamwonyesha fundi pa kuanzia: kwenye orodha ya masasisho yaliyowekwa, ambako kila moja lina tarehe yake. Tarehe ya sasisho ikiwa jana na tatizo likiwa la leo, ruta haina kesi ya kujibu.

Sasa hilo jambo lenyewe ambalo fundi alishindwa kulifanya, la kutumia kompyuta ya Akheri akiwa mjini, tuliiteje? Hapa istilahi zetu zimetapakaa. Kiingereza cha Microsoft na wenzake kinatumia neno lenye maana ya "uso wa meza", sitiari iliyotoka maabara za Xerox na kuingia sokoni mwaka 1981 na kompyuta iliyoitwa Star: kioo kilichorwa kama meza ya karani, na faili na makabrasha juu yake. Kiswahili kiliigawa meza hiyo mara mbili. Mashine inayokaa mezani ikawa kompyuta ya mezani, na ile picha ya kwanza ya kioo ikawa eneokazi. Ugawaji huo ni mzuri. Tabu inakuja tunapoambiwa "eneokazi la mbali". Mwalimu wa chuo cha ualimu cha Patandi akilisikia hilo bila kuonyeshwa kompyuta atadhani amepangiwa kituo Kibondo.

Tena si eneokazi fundi analolihitaji. Anataka kufungua mafaili, kubadili mipangilio, kuwasha upya, wakati mwingine kufanya kazi kwenye dirisha jeusi la amri ambalo halina eneokazi lolote. "Udhibiti wa mbali" unakaribia zaidi, lakini nchini kwetu udhibiti umekwisha kuchukuliwa na mamlaka: LATRA na EWURA zote mbili zina neno hilo kwenye majina yao, na anayedhibiti ni mwenye rungu. "Masafa" ni neno zuri lililobanwa kila upande. Elimu masafa tunayo, redio ya masafa mafupi tunayo, kombora la masafa marefu pia. Mafundi wenyewe husema "nakurimoti", na wakiwa na mteja mtu mzima husema kwa adabu zaidi: "Mama, naomba niingie kwenye mashine yako."

Hilo ndilo neno. Kuingia ndicho kitenzi kilichokwisha kuzoeleka kwenye kila ukurasa unaodai nywila, na kuingia kwa mbali ni kuingia huko huko ukiwa hupo. Tahadhari ni moja: isisemwe "kuingilia". Kiambishi hicho cha -li- kinahamisha maana kwenda kwenye mambo ambayo hayasemwi ofisini, au kwenye kuvuruga shughuli za watu, na mashine "iliyoingiliwa" ni mashine iliyodukuliwa.

Faida kubwa ya "kuingia" ni kwamba inaleta swali la anayeingia na anayeingiliwa mlango, samahani, anayefunguliwa mlango. Vitabu vya mitandao hutafsiri pande hizo mbili kuwa seva na mteja. Jaribu kuzitumia Akheri uone. Mteja wa fundi ni chama, ndicho kinachomlipa. Lakini kwa lugha ya vitabu, "mteja" katika mazungumzo hayo ya kompyuta ni kompyuta ya fundi, kwa kuwa ndiyo inayoomba huduma, na "seva" ni ile mashine kuukuu ya mhasibu yenye kitambaa juu yake. Fundi na mama wakisema "upande wa mteja" wanaelekeza vidole pande mbili tofauti. Mwenyeji na mgeni hawana utata huo. Kompyuta inayotembelewa ni mwenyeji, inayotembelea ni mgeni. Mgeni hupiga hodi, na mwenyeji ndiye anayeamua kuitikia. Kidirisha cha AnyDesk kinachomwuliza mama akubali au akatae ni hodi yenyewe.

Kwa maneno hayo mawili, migomo mingi inayofuata sasisho inaelezeka, kwa sababu mara nyingi kilichoharibika ni mapatano kati ya pande mbili ambapo upande mmoja umekwenda mbele, na kila upande peke yake ni mzima. Swali ni upande upi, na majibu hupingana kwa namna inayomchanganya mtu asiyeyapanga vizuri.

Chukua TeamViewer. Kwa miaka mingi kampuni hiyo ya Kijerumani iliuza leseni za kudumu kwa kila toleo. Aliyenunua leseni ya toleo fulani angeweza kuwatembelea wenyeji wa toleo hilo na wa zamani zaidi, ila siyo wa toleo jipya kuliko lake. Mwenyeji akijisasisha, mgeni mwenye leseni halali aliyokwisha kuilipia anabaki nje. Hapo mwenyeji ndiye aliyetangulia, na tiba ilikuwa mgeni alipe tena au mwenyeji arudishwe kwenye toleo la zamani.

Kisha tazama kilichotokea kwa programu ya Windows yenyewe mwaka 2018. Mwezi Machi Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba udhaifu katika CredSSP, utaratibu unaokabidhi jina na nywila za mgeni kwa mwenyeji kabla mlango haujafunguliwa. Kiraka hicho hakikuvunja kitu, kwa kuwa hakikumlazimisha yeyote. Tarehe 8 Mei mwaka huohuo lilikuja sasisho jingine lililobadili msimamo: tangu siku hiyo, mgeni aliyesasishwa alikataa kukabidhi nywila zake kwa mwenyeji asiye na kiraka. Ofisi duniani kote ziliamka na ujumbe unaosema kwamba kazi iliyoombwa haiwezekani. Watu wakaenda kuchokonoa kompyuta ya mgeni, maana ndiyo iliyotoa ujumbe na ndiyo iliyosasishwa. Kumbe mgonjwa alikuwa mwenyeji, aliyeachwa nyuma tangu Machi. Tiba sahihi ilikuwa kumsasisha mwenyeji. Shida ni kwamba mwenyeji yuko mbali, na njia ya kumfikia ndiyo hiyohiyo iliyofungwa. Asiye na mtu wa kutuma alishusha ulinzi wa mgeni kwa muda, akaingia, akamsasisha mwenyeji, akaupandisha tena. Wapo walioshusha na kusahau kupandisha.

Mgomo wa Akheri ulikuwa wa aina ya tatu, na nadhani ndio unaotuhusu zaidi huku kwetu. Windows ya toleo la Home, ile inayokuja na kompyuta nyingi za bei nafuu, inaweza kuwa mgeni katika huduma hii ya Windows yenyewe lakini haiwezi kuwa mwenyeji. Uwenyeji umetengewa toleo la Pro na yaliyo juu yake. Kwa hiyo mafundi hupachika programu ya pembeni, isiyotoka kwa mtengenezaji, inayolizunguka katazo hilo. Programu ya namna hiyo hutegemea kulifahamu faili moja la Windows, termsrv.dll, toleo kwa toleo: ina orodha ya matoleo inayoyajua, na kwa kila moja imeandikiwa ni wapi pa kuguswa. Sasisho likileta faili jipya ambalo halimo kwenye orodha, uwenyeji unakufa papo hapo. Hakuna kilichoharibika kwenye kompyuta. Katazo lililokuwa limezungukwa limerudi tu mahali pake. Mama alifungua AnyDesk, akamsomea fundi namba kwenye simu, tarakimu moja moja, na fundi akaingia kwa mlango huo mwingine.

Akiwa ndani alikuwa na njia ya kutendua. Neno hili nalipenda: tenda ikapata kiambishi kilekile kinachogeuza funga kuwa fungua na ziba kuwa zibua, ikawa kitenzi cha kurudisha kilichotendwa. Sasisho dogo unaweza kulitendua kutoka kwenye orodha ya masasisho. Sasisho kubwa linalobadili toleo zima la Windows huacha nafasi ya kurudi kwa siku 10, kisha lile la zamani linafutwa ili kuokoa nafasi ya diski. Unaweza pia kusimamisha masasisho yote kwa hadi siku 35, baada ya hapo mashine itadai ipokee yaliyolimbikizwa. Fundi alitendua. Nilimwambia kwamba sasisho litarudi. Likarudi, bila shaka, na chama kikaamua kununua leseni ya Pro, jambo ambalo lingefanywa mwanzoni kama mtu angekaa na wajumbe akawaeleza kwa lugha wanayoielewa ni nini hasa walichokuwa wamepachikiwa.

Katika kikao kilichoamua ununuzi huo mjumbe mmoja alitaka masasisho yazimwe moja kwa moja, milele, "kwa sababu hatuyataki." Kauli hiyo inachanganya mambo mawili ambayo Kiswahili kinayatenga kirahisi: sasisho lisiloombwa na sasisho lisilotakiwa. Karibu masasisho yote ya leo hayaombwi. Hiyo haina maana kwamba hayatakiwi. Tarehe 14 Mei 2019 Microsoft ilitoa kiraka cha udhaifu uliokuja kuitwa BlueKeep, uliokuwamo ndani ya huduma hiihii ya kuingia kwa mbali na uliomwezesha mtu kuingia bila nywila yoyote. Ulitisha kiasi kwamba kampuni ilitoa kiraka hata kwa Windows XP, ambayo ilikuwa imeacha kuihudumia tangu Aprili 2014. Aliyekuwa amezima masasisho milele hakukipata. Lawama yangu kwa kampuni hizi si kwamba zinasasisha. Ni kwamba zinafunga katika furushi moja kiraka cha lazima na mabadiliko ya sura ya menyu ambayo hakuna mtu wa Akheri aliyeyalilia, kisha zote mbili zinaitwa kwa jina moja.

Na furushi lina bei. Ofisi inayotumia intaneti ya simu hulipia kila megabaiti, na kompyuta haijui kwamba inakula bando mpaka iambiwe. Kwenye mipangilio ya mtandao wa Windows kuna swichi inayoitambulisha intaneti kuwa ni ya kupimiwa. Ikiwashwa, masasisho mengi hayapakuliwi mpaka ukubali. Watafsiri wakifika hapo waandike tu "intaneti ya bando." Kila mtu ataelewa, na swichi itawashwa na watu ambao leo hawajui ipo.

BAKITA, baraza la Kiswahili, wana nafasi ya kusaidia hapa. Ninachowaomba si istilahi mpya kabisa, maana nyingi zimekwisha kuzaliwa kazini. Naomba kidahizo cha kusasisha kitoe mifano ya maumbo yake matatu. Naomba mwenyeji na mgeni wapewe maana ya kompyuta kando ya ile ya nyumbani. Na naomba kuingia kwa mbali kuandikwe kama kauli moja. Wanafunzi wa kompyuta wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru wanasoma mambo haya kwa Kiingereza, kisha wanatoka nje ya geti na kuyaeleza kwa Kiswahili. Waelezee kwa maneno yapi?

Limebaki neno moja ambalo sheria imelitaja na mafundi hawalitaji. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu cha 4, inakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila haki. Hicho watu wanakijua. Kifungu cha 5 kinakataza kubaki: mtu aliyeruhusiwa kuingia, muda wa ruhusa ukaisha, naye akaendelea kuwemo. Programu nyingi za kuingia kwa mbali huruhusu fundi kuweka nywila ya kudumu ili siku nyingine asipige hodi, na wenye ofisi wengi hawajui kama iliwekwa. Kazi ikiisha, mwambie fundi atoke, mwulize kama ameacha nywila ya kudumu, na kama ameiacha bila wewe kukubali, aifute ukiwa unaona.